Jembe Lililobaki Wima

Hakuna mtu aliyegombana na Wakuja tena, na jambo hilo lilikuwa linamtafuna kuliko ugonjwa.

Mwingine angeshukuru. Wapo watu wanaotoana roho kugombea uongozi ili tu siku moja waseme bila kukatwa kauli, na yeye alikuwa amefika huko: mwenyekiti wa halmashauri, ofisi yenye zulia, kiti kinachozunguka. Akisema kwenye kikao kwamba barabara ianze kutengenezwa kutoka juu, wajumbe wanaitikia kwa vichwa. Akibadili akasema ianzie chini, vichwa vilevile vinaitikia vilevile. Katibu muhtasi wake, mama mmoja mpole anayetembea bila kusikika, alikuwa na jibu moja kwa mambo yote ya dunia: "Ni kweli, Mheshimiwa." Siku moja Wakuja alimlalamikia kwamba chai imezidi sukari. Mama akasema ni kweli, akaomba radhi. Chai ile haikuwa imetiwa sukari hata chembe, na Wakuja alilijua hilo tangu funda la kwanza. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpinga.

Akamjaribu dereva. Walikuwa wanarudi kutoka kukagua soko, akamwambia akate kushoto baada ya ghala. Kila mtu mjini anajua kwamba kushoto baada ya ghala hakuna njia, kuna ukuta wa karakana. Dereva akasema sawa, Mheshimiwa, akakata kushoto, akaenda mpaka pua ya gari ikakaribia kubusu ukuta, akazima injini, akaweka mikono juu ya usukani. Wakakaa hivyo wawili, wanatazama matofali.

"Hapa hakuna njia," Wakuja akasema mwishowe.

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilidhani Mheshimiwa ana sababu zake."

Alirudi katika nyumba aliyopewa na halmashauri, nyumba yenye sebule pana na makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni zake. Alikula peke yake upande mmoja wa meza ndefu. Akajikuta anamuwaza Tajiri, kama alivyomuwaza jana yake na juzi yake. Tajiri angekuwa kwenye lile gari angemtolea uvivu kabla hata hawajafika ghalani.

Sasa huyo Tajiri hakuwa na kitu. Shamba lake lilikuwa dogo kiasi kwamba watu walisema akipiga chafya lazima aombe radhi kwa jirani. Jina alipewa kwa kejeli, akalipokea kwa mikono miwili mpaka akawa anajiita mwenyewe. Wakuja naye jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Aliingia katika bonde lile akiwa kijana, kutoka ng'ambo ya mpaka, na begi lililofungwa kwa kamba, na lugha ya hapo haijui zaidi ya salamu. Alianza kwa vibarua vya kupalilia. Watu walimwita mtu wa kuja, na wa kuja ikakaa mpaka ikawa Wakuja, na hata mkewe, alipompata, alimwita hivyohivyo.

Mashamba yote ya bonde lile yanakunywa kutoka mfereji mmoja wa udongo, na maji ni kwa zamu, kuanzia juu kushuka chini. Mwenye zamu anachomoa ubao wa lango la shamba lake, anaziba mfereji kwa magunia ya mchanga ili maji yakate kuingia kwake, kisha anakita jembe ukingoni, mpini juu. Jembe likiwa wima, maji yana mwenyewe. Akimaliza analilaza, na hapo wa chini yake ana ruhusa ya kuyachukua. Hakuna karatasi wala saa. Mwiko ni mmoja tu, kwamba jembe la mtu halishikwi na mwingine. Mtu akisahau lake limesimama, dawa yake inajulikana: unamfuata mpaka mlangoni kwake, unampa vidonge vyake mpaka atoke, na atoke hivyohivyo alivyo, hata kama ana shuka kiunoni, aende mwenyewe akalilaze mbele ya macho yako huku majirani wanacheka. Yakishachekwa yamekwisha.

Wakuja hakuambiwa hayo. Katika siku zake za mwanzo alikuta jembe limesimama ukingoni, akadhani kuna mtu kasahau kifaa chake, akalilaza vizuri na kulifuta tope kwa nyasi. Lilikuwa la Tajiri, zamu yake ikahesabiwa imekwisha, na maji yake yakarudi kwa mtu wa juu. Tajiri alikuja mbio kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Alimwita mtu wa kuja, mikono kama miguu, kichwa kama ndoo iliyopinduliwa, akamwuliza kama huko alikotoka maji yanapandwa. Wakuja hakuelewa hata neno. Alijua amelifuta jembe la watu tope, kwa hiyo alidhani anashukuriwa. Akatabasamu, akainama kwa adabu, mkono kifuani. Tajiri aliona anamtukana mtu anayemshukuru, hasira zote zikamwishia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wao. Tajiri alimfundisha mfereji, na katika kumfundisha mfereji akamfundisha lugha, na kwa kuwa Tajiri hakuwa na lugha nyingine ya kufundishia, Wakuja alijua matusi ya bonde zima kabla hajajua kuhesabu. Alipopata shamba la kukodi, na baadaye kulinunua, likawa la pili kutoka mwisho wa mfereji. La mwisho kabisa lilikuwa la Tajiri. Hapo ndipo walipogombana vizuri. Waligombana juu ya ukingo unaovuja, juu ya gunia lililotoboka, juu ya nani alilaza jembe na jua liko wapi. Wakimaliza wanaingia kwa Tajiri kupitia mlango wa jikoni, Wakuja anapindua ndoo yake anakalia, wanakunywa chai, na ugomvi unaendelea kwa sauti ya chini. Mke wa Wakuja alipofariki, watu wengine walileta pole na kuondoka. Tajiri alikuja kila asubuhi kulalamika kwamba ukingo unavuja. Haukuwa unavuja. Wakuja alilijua hilo, akatoka kila asubuhi kwenda kuukagua.

Watu wa mfereji walimchagua kuwa msimamizi wao kwa sababu aligombana na wote kwa kipimo kimoja, mwenye shamba kubwa na mwenye kipande. Uraia alikwisha kuupata. Kutoka hapo udiwani haukuwa mbali, ingawa mpinzani wake alipita kila mkutano akisema mtu wa kuja atarudi alikokuja na fedha za watu mfukoni. Katika mkutano wa mwisho Tajiri aliomba kipaza sauti. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Mimi shamba langu liko chini ya shamba lake," Tajiri alisema. "Akitaka kuniibia maji, wa kwanza kujua ni nyanya zangu. Nimegombana na huyu mtu tangu hana mvi. Ana mikono kama miguu, na ukingo wake unavuja mpaka leo. Lakini tone langu hajawahi kulinywa. Kama kuna mwenyeji hapa ambaye jirani yake wa chini anaweza kusema hivyo, asimame nimpigie kura yeye."

Hakusimama mtu. Wakuja akapita, na uchaguzi uliofuata akapita tena. Siku madiwani wenzake walipomkalisha kwenye kiti cha uenyekiti, yeye hata hakuwepo ukumbini. Alikuwa shambani anamwagilia vitunguu, maana hakuwa na habari kwamba jina lake limependekezwa. Gari lilimfuata mpaka ukingoni. Walimwambia anaapishwa sasa hivi, wageni wameshakaa. Alinawa miguu mferejini, akavaa viatu ndani ya gari, na suti aliivalia chooni kwenye ofisi za halmashauri. Baada ya kiapo ikaja semina, baada ya semina vikao, na baada ya vikao, safari. Shambani aliacha kibarua mmoja wa kumwangalizia vitunguu.

Tangu siku hiyo Tajiri hakutia mguu. Wala pongezi, wala salamu. Simu yake ilikuwa haipatikani, lakini simu ya Tajiri miaka yote haipatikani, kwa sababu anaamini kuichaji ni kuiharibu. Wakuja alingoja. Kila akisikia hatua za haraka kwenye ukumbi nje ya ofisi aliinua kichwa. Msimu wa jua uliingia, ukakolea, na Tajiri kimya. Wakuja akaanza kununa. Alijiambia kwamba mwenzake kaona kijicho, kwamba watu ndivyo walivyo, wanakupenda ukiwa kwenye tope. Akajiapiza hatamfuata. Alivyojiapiza ndivyo upweke ulivyomzidi, kwa sababu katika mji ule mzima sasa hakukuwa na mtu hata mmoja aliyemwita Wakuja. Hata binti yake, muuguzi katika hospitali ya mji wa jirani, alikuwa ameanza kumtambulisha kwa watu kama Mheshimiwa baba.

Binti huyo ndiye aliyempigia simu.

"Baba, hivi unajua Tajiri anahama?"

"Anahama kwenda wapi?"

"Kwa mwanawe, mbali huko. Nimekutana na mtu wa bondeni kaja hospitali. Anasema kang'oa nyanya zote, shamba kalikodisha. Mwisho wa mwezi haonekani."

"Kwa nini?"

"Sijui, baba. Nilidhani wewe ndiye ungeniambia."

Kiapo chake cha kutomfuata mtu kilidumu mpaka asubuhi. Alimwamsha dereva akamwambia waende bondeni, na safari hii hakumjaribu kwa njia yoyote, alitaka tu kufika. Njiani alikuwa anapanga ugomvi. Atamwuliza, rafiki gani anahama bila kuaga. Atamwambia, cheo changu kimekukaa kooni. Tajiri hawezi kuvumilia maneno ya namna hiyo, lazima atalipuka, na akishalipuka watakuwa wamerudi mahali pao.

Harufu ilimpokea kabla hajashuka. Vitunguu vyake vilikuwa vimesimama ndani ya maji, majani yamelala manjano, na alipochomoa kimoja kiliteleza mkononi kama sabuni. Kilikuwa kimeoza. Alipandisha macho kufuata maji yanakotoka, mpaka langoni kwake, mpaka ukingoni. Jembe lake lilikuwa wima.

Lilikuwa palepale alipolikita ile siku gari lilipokuja. Bapa lilikuwa limeshika kutu, na mmea fulani wa kutambaa ulikuwa umeshaupanda mpini, umefika karibu na juu. Magunia yake ya mchanga yalikuwa bado yameziba mfereji. Chini ya magunia hayo, mfereji uliokwenda kwa Tajiri ulikuwa mkavu, udongo umepasuka vipande vipande.

Wakuja alimwita kibarua wake. Kibarua alikuja anakimbia, anafunga vifungo vya shati.

"Hili jembe limesimama tangu lini?"

"Tangu Mheshimiwa uliposimamisha."

"Na wewe ukaliangalia tu."

"Sasa jembe la Mheshimiwa nililaze mimi?"

"Ungenipigia simu."

"Nilimwuliza mgawa maji, huyu aliyeshika usimamizi baada ya Mheshimiwa. Akasema Mheshimiwa hawezi kusahau, lazima kuna mpango." Kibarua alitazama vitunguu vilivyooza kama mtu anayetazama mpango huo. "Wa juu wote walikuwa wanapata zamu zao. Ni yule mzee tu wa mwisho."

Ni yule mzee tu wa mwisho. Wakuja alikumbuka kipaza sauti, na watu wanacheka, na lile neno la tone. Alitaka kulilaza jembe papo hapo, mkono ukafika mpinini, akauondoa. Kulilaza kwa kujificha kungekuwa wizi wa pili. Alipanda njia ya kwenda kwa Tajiri kwa miguu, na dereva akamfuata nyuma na gari polepole, kama msafara wa mazishi.

Alizunguka nyuma kama siku zote, akagonga mlango wa jikoni. Ulifunguka kidogo. Tajiri alikuwa amekonda, na macho yake yalikwenda kwanza kwenye suti, kisha kwenye gari.

"Mheshimiwa," alisema. "Zunguka mbele, tafadhali. Huku pachafu."

Mlango ukafungwa kwa upole. Wakuja hakuwa na la kufanya ila kuzunguka. Mbele alikuta mlango umeshafunguliwa, na Tajiri anakifuta kiti kwa kitambaa, mgongo wa kiti, miguu ya kiti. Alimkaribisha akae. Akaingia ndani akarudi na glasi ya maji juu ya kisahani. Miaka yote ile Wakuja hakuwahi kujua kwamba nyumba ile ina kisahani.

"Tajiri, nimesahau jembe."

"Yanatokea, Mheshimiwa."

"Nyanya zako zimekufa."

"Zilikuwa zimeshachoka. Mbegu yenyewe haikuwa nzuri."

"Kwa nini hukuja?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Sisi tumefuatana milangoni miaka yote hii. Kwa nini hukuja kunitukana?"

Tajiri alikaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa sebuleni, mikono juu ya magoti. "Nilikuja," alisema.

"Ulikuja wapi?"

"Ofisini kwako. Siku watu wa soko walipokuja kwa wingi. Nilivaa lile koti la harusi ya mwanangu. Yule mama akaniuliza nina shida gani, nikamwambia jembe. Akasema maombi ya zana ni dirisha la pili. Nikamwambia siombi jembe, kuna jembe linatakiwa kulazwa. Akasema ni kweli, mzee, subiri kwenye benchi." Alitabasamu kidogo. "Nikasubiri. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, mengine hata hujawahi kuyasikia. Mlango ukafunguka, ukatoka na watu wako. Nikasimama. Ukanishika mkono."

Wakuja aliujua ushikaji huo. Kwenye semina walifundishwa jinsi ya kupeana mikono na watu wengi bila kusimama. Unashika, unabana kidogo, unamtazama mtu usoni, unasema neno, unamwachia huku mguu umeshatangulia. Alikuwa amelijua somo hilo upesi kuliko wote, mpaka mwalimu akamsifu.

"Ukaniambia, karibu sana mzee wangu, tutalishughulikia. Ukapita."

"Sikukuona, Tajiri."

"Ulinitazama usoni, Mheshimiwa."

Nje dereva alizima injini. Wakuja alitafuta ndani ya kichwa chake siku ile, benchi lile, koti lile, na hakupata kitu. Mikono tu. Mkono mmoja kati ya hiyo ulikuwa ndio uliomtoa kwenye tope, na alikuwa ameubana kidogo akauachia.

"Nikajiambia labda ni koti," Tajiri alisema, kwa huruma kabisa, kama mtu anayemtafutia mwenzake pa kutokea. "Hujazoea kuniona na koti."

Angemtemea mate ingeuma kidogo kuliko hivyo. Wakuja aliweka glasi chini, nusu ya maji ikamwagika kwenye kisahani.

"Nitukane," alisema. "Yale uliyoyapanga njiani. Nipe yote."

Tajiri alifikiri. Alifikiri kweli, mdomo unajaribu kitu, paji la uso limekunjamana. Kisha akatikisa kichwa kukataa. "Nimeyasahau, Mheshimiwa."

"Basi twende. Nikalilaze mbele yako, kama inavyotakiwa."

"Hakuna haja ya kujisumbua."

"Nakuomba."

Tajiri hakuwa mtu wa kumkatalia mkubwa. Alitafuta koti lake, akalivaa, wakashuka. Gari lilikuwa limeshawaita watu. Majirani walikuwa wamekusanyika ukingoni, wengine na majembe yao begani, na mgawa maji mbele yao amevua kofia. Wakuja alifarijika kuwaona. Hili ndilo alilolitaka. Watacheka, watampigia miluzi, mmoja atauliza kama kitambaa cha suti ile kimefumwa kwa vitunguu, na Tajiri atashindwa kujizuia, ataongeza la kwake, na yatakuwa yamekwisha.

Alivua viatu. Akakunja suruali, akaingia kwenye tope, akaung'oa ule mmea wa kutambaa, akashika mpini kwa mikono miwili. Jembe lilikataa kutoka. Alivuta mpaka likatoka kwa kishindo, akapepesuka, akakaa chini kwenye maji na suti yake yote.

Hakuna aliyecheka. Hata aliyekuwa na mtoto mgongoni alimtuliza mtoto. Wakuja aliinuka, suti inachuruzika, akalilaza jembe kwenye majani, akawageukia.

Mgawa maji akaanza kupiga makofi. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka wote wanapiga. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba huu ndio uongozi, mtu anashuka mwenyewe. Kuna aliyetoa simu akapiga picha. Wakuja alimtafuta Tajiri kwa macho katikati yao. Alikuwa amesimama pembeni na koti lake la harusi, ametazama mbele kama watu wanavyotazama kwenye sherehe, na alikuwa anapiga makofi.

Watu walitawanyika kidogo kidogo, kila mmoja akimpa mkono. Alipewa na Tajiri pia. Kisha Tajiri akapanda njia kurudi kwake kufunga mizigo.

Wakuja alimwambia dereva akangoje barabarani. Dereva akasema sawa. Alipobaki peke yake aliyaondoa magunia moja moja, maji yakajitupa chini kwenye mfereji mkavu, yakinywewa na nyufa, yakisimama, yakisogea tena. Aliyafuata mpaka shamba la mwisho. Halikuwa na kitu, nyanya zilikuwa zimeng'olewa na kurundikwa kando, kavu kama kuni. Alichomoa ubao hata hivyo, akaziba mfereji, akayaelekeza ndani. Yaliingia kwenye matuta matupu.

Ukingo ulikuwa unavuja. Mkono wa kushoto, palepale pa siku zote, kwa sababu aliharakisha kuziba na gunia halikukaa sawa. Kutoka pale, nyumba ya Tajiri ilionekana vizuri, na mlango wake wa jikoni ulikuwa wazi. Tajiri alikuwa amesimama hapo, ndoo mkononi. Mtu huyo maishani mwake hakuwahi kuona ukingo unavuja akanyamaza. Wakuja aliliacha gunia vilevile. Akanyoosha mgongo, akasubiri, uso ameuelekeza kule juu.

Tajiri aliutazama uvujaji. Aliutazama kwa muda. Kisha akapunga mkono, kwa heshima, kama watu wanavyolipungia gari la kiongozi linapopita, akaingia ndani na mlango ukafungwa.

Wakuja aliinama, akachota udongo, akaanza kuziba. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa laini, udongo ulikuwa unampita. "Mtu wa kuja we," alisema kwa sauti. "Mikono kama miguu." Aliyasema vizuri, kwa lafudhi ileile ya mwenye nayo. "Kichwa kama ndoo iliyopinduliwa. Huko ulikotoka maji yanapandwa?" Akanyamaza akasikiliza. Alipoona hakuna anayejibu, akayaanza upya kutoka mwanzo.